Mbwa Waongozaji katika Usafiri wa Umma: Haki ya Abiria Asiyeona na Ugumu wa Kuithibitisha Inapovunjwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna sheria inavyomlinda abiria asiyeona anayesafiri na mbwa mwongozaji, kwa kurejelea hasa England na Wales, ambako wajibu wa dereva wa teksi umewekwa bayana katika sheria ya bunge. Hoja inayojengwa ni kwamba haki hii ikishaandikwa huwa bado haijakamilika, kwa sababu utekelezaji wake umewekwa juu ya mabega ya abiria ambaye, kwa hali yake, hana uwezo wa kumtambua kwa macho aliyemkosea. Masuala ya najisi, ya wanyama wasiofunzwa na ya usafiri wa kuvuka mipaka yanajadiliwa kwa kadiri yanavyohusiana na hoja hiyo, na sehemu ya mwisho inaitazama Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha misafara ya karne ya 19, kiongozi, au kirangozi, alikuwa mtu aliyetangulia mbele ya wapagazi kwa kuwa aliijua njia. Maana hiyo ya kutangulia na kuonyesha njia inasaidia kueleza kazi ya mbwa mwongozaji, lakini inapotosha katika jambo moja la msingi: mbwa haijui njia. Anayeijua ni binadamu. Abiria ndiye anayekumbuka kwamba kituo cha basi kipo baada ya kona ya pili, na ndiye anayetoa amri ya kwenda kulia au kushoto. Kazi ya mbwa ni kumkwepesha nguzo, shimo na baiskeli iliyoegeshwa vibaya, kumsimamisha ukingoni mwa barabara, na kumtafutia mlango, ngazi au kiti kilicho wazi. Mbwa hasomi taa za barabarani. Uamuzi wa kuvuka hufanywa na mtu kwa kusikiliza mwendo wa magari, ila mbwa hufunzwa kukataa amri endapo gari linakuja. Ukaidi huo wa kufunzwa ni miongoni mwa sababu zinazofanya mafunzo yake yachukue muda mrefu. Mbwa hulelewa na familia ya kujitolea tangu akiwa na wiki nane hivi, huingia katika mafunzo rasmi baada ya kutimiza mwaka, hukabidhiwa kwa mwenyewe akikaribia miaka miwili, na kwa kawaida hustaafu anapokaribia miaka kumi.

Maelezo hayo yana matokeo ya moja kwa moja katika usafiri. Ikiwa uongozaji ni kazi ya wawili, kuwatenganisha ni kuivunja kazi yenyewe. Dereva anayesema kwamba mtu apande mbele na mbwa awekwe nyuma kwenye buti hujiona ametafuta njia ya kati. Kwa hakika amemwondolea abiria chombo chake cha kutembelea, na amemweka mnyama aliyefunzwa kwa gharama kubwa mahali asipoweza kufanya lolote. Ndiyo maana sheria nyingi za eneo hili hazitosheki na kusema kwamba mbwa asafirishwe. Husisitiza kwamba abaki pamoja na mtu wake.

Istilahi nazo zinahitaji kuwekwa sawa. Mbwa mwongozaji ni yule anayemwongoza mtu asiyeona au mwenye uoni hafifu. Mbwa msaidizi ni neno pana zaidi, linalomjumuisha pia mbwa anayemjulisha kiziwi kengele ya mlango au king'ora cha moto, anayemwokotea vitu mtu anayetumia kiti cha magurudumu, au anayemsaidia mwenye kifafa. Mnyama wa kazi ni dhana nyingine kabisa. Panya wanaofunzwa na shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu ni wanyama wa kazi wenye sifa kubwa, lakini hakuna anayewategemea ili apande basi.

Jina Uingereza linatumika hapa kwa dola nzima. England na Wales zinatajwa pale ambapo kanuni ni za sehemu hizo, kwa kuwa Scotland na Ireland Kaskazini zina taratibu zao katika masuala ya teksi.

2.0 Chimbuko la Dai la Kusafiri Pamoja

Mafunzo ya kisasa ya mbwa waongozaji yalianzia Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, pale daktari Gerhard Stalling alipofungua shule mjini Oldenburg mwaka 1916 kwa ajili ya askari waliopofushwa vitani. Habari za kazi hiyo zilifika Marekani kupitia makala ya Dorothy Harrison Eustis, Mmarekani aliyekuwa akifunza mbwa nchini Uswisi, iliyochapishwa Novemba 1927. Kijana asiyeona wa Nashville, Morris Frank, alisomewa makala hayo, akamwandikia mwandishi, akaenda Uswisi, na mwaka 1928 akarejea nyumbani na mbwa jike aliyempa jina la Buddy.

Kinachovutia katika historia hiyo ni kwamba kikwazo kilichomkabili Frank mara tu alipoanza kusafiri nchini mwake hakikuwa cha mafunzo. Buddy alithibitisha uwezo wake mbele ya waandishi wa habari kwa kumvusha katika barabara yenye msongamano jijini New York. Kwenye treni, hata hivyo, mbwa huyo alihesabiwa kuwa mzigo, na mahali pa mzigo ni behewa la mizigo. Frank, ambaye mwaka 1929 alishiriki na Eustis kuanzisha shule ya The Seeing Eye, alitumia miaka mingi kuyashawishi makampuni ya reli, mahoteli na migahawa. Kufikia mwaka 1935 makampuni ya reli ya Marekani yalikuwa yamekubali mbwa waongozaji wakae na wenyewe ndani ya mabehewa ya abiria.

Uingereza ilifuata muda mfupi baadaye. Mwaka 1931, mjini Wallasey, wanawake wawili, Muriel Crooke na Rosamund Bond, walisimamia mafunzo ya mbwa wanne wa kwanza, Judy, Flash, Folly na Meta, waliokabidhiwa kwa wanaume waliopoteza uwezo wa kuona. Chama cha kitaifa cha kazi hiyo kiliundwa mwaka 1934. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo, kupanda chombo cha usafiri na mbwa mwongozaji nchini humo kulitegemea hisani ya kampuni na ya mtumishi aliyekuwa zamu siku hiyo. Hisani si kitu cha kudharauliwa, kwani iliwabeba wengi. Ila hisani hubadilika na zamu.

3.0 Kutoka Hisani hadi Wajibu

Mabadiliko ya kisheria yalikuja na Sheria ya Kupinga Ubaguzi dhidi ya Watu Wenye Ulemavu ya 1995. Wajibu wa madereva wa teksi kubeba mbwa waongozaji na mbwa wasaidizi wengine ulianza kutekelezwa England na Wales mwaka 2001, na mwaka 2004 ukapanuliwa kwa magari ya kukodi kwa miadi, yaani yale yasiyoruhusiwa kusimamishwa barabarani na ambayo ni lazima yaagizwe kupitia mwendeshaji mwenye leseni. Masharti hayo sasa yamo katika Sheria ya Usawa ya 2010, kuanzia kifungu cha 168 hadi cha 171, huku fasili ya mbwa msaidizi ikiwa katika kifungu cha 173.

Kifungu cha 168 kinamtaka dereva wa teksi iliyokodiwa na mtu mwenye ulemavu aliyefuatana na mbwa msaidizi ambebe mbwa huyo, amwache abaki pamoja na abiria, na asidai malipo ya ziada. Kukiuka ni kosa la jinai linalosikilizwa katika mahakama ya mahakimu, na faini yake haizidi pauni 1,000. Msamaha unawezekana kwa sababu moja tu, nayo ni ya kitabibu. Dereva mwenye mzio mkali au pumu inayochochewa na manyoya anaweza kuomba cheti kutoka kwa mamlaka iliyompa leseni, na akipewa lazima abandike garini tangazo la msamaha huo. Hofu ya mbwa inaweza kuingia hapo ikiwa ni ya kiwango cha ugonjwa unaothibitishwa na daktari. Kuchukia harufu, kuogopa manyoya kwenye viti, au imani ya dini haviingii.

Inafaa kuzingatia kwamba fasili ya kifungu cha 173 inamtambua mbwa peke yake, na kwa baadhi ya aina za ulemavu inataka awe amefunzwa na mashirika ya hisani yaliyotajwa katika kanuni. Mtu aliyemfunza mbwa wake mwenyewe hana uhakika wa ulinzi wa masharti haya ya teksi, ingawa bado anaweza kutegemea wajibu wa jumla wa watoa huduma wa kufanya marekebisho ya busara kwa ajili ya wenye ulemavu.

Sheria nyingine ya mwaka 2022 iliongeza wajibu wa madereva wa teksi na magari ya miadi kwa abiria wenye ulemavu kwa upana zaidi. Kwa mada hii, kipengele chenye uzito ni kile kinachomtaka dereva wa gari lililoagizwa mapema achukue hatua za busara kumsaidia abiria kulitambua na kulifikia gari. Kwa mtu anayeona, jambo hilo ni dogo kiasi cha kutofaa kutungiwa sheria. Kwa asiyeona aliyesimama ukingoni mwa barabara yenye magari kumi yaliyowasha injini, ndilo jambo lenyewe.

4.0 Treni, Basi na Teksi

Vyombo vya usafiri havilingani katika ugumu wa mada hii, na sababu yake haiko kwenye maandishi ya sheria peke yake. Kwenye reli za Uingereza abiria yeyote anaruhusiwa kusafiri na mbwa hadi wawili bila malipo, mradi wafungwe ugwe na wasiwasumbue wengine. Mahali ambapo mbwa wa kufugwa tayari yumo ndani ya behewa, mbwa mwongozaji hahitaji kujieleza sana. Matatizo ya treni ni ya nafasi: miguu ya abiria na mabegi hujaa pale ambapo mbwa angelala. Katika treni za chini ya ardhi za London huongezeka suala la ngazi za umeme, kwa kuwa meno ya ngazi hizo yanaweza kunasa na kuumiza nyayo za mnyama. Mbwa waliofunzwa mahsusi huzitumia. Kwa wengine hutafutwa lifti, ngazi za kawaida, au mtumishi wa kituo aizimishe mashine kwa muda.

Kwenye basi, muundo wa chombo umeanza kuzingatiwa katika viwango vya uhandisi. Kanuni Namba 107 ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, inayohusu ujenzi wa mabasi, inataka pawe na nafasi ya kutosha kwa mbwa mwongozaji chini ya kiti kimojawapo cha kipaumbele au kando yake, na nafasi hiyo isiwe sehemu ya njia ya kupitia abiria. Sharti hili limeandikwa kwa maneno machache, na linafanya kazi kimya kimya kuliko vifungu vingi vya adhabu, kwa kuwa dereva hawezi kudai kwamba hapana mahali pa kumweka mbwa ndani ya gari lililojengwa na mahali pa mbwa.

Teksi ndiyo yenye mgogoro, na haishangazi. Basi lina abiria wengine wanaoshuhudia, lina njia maalumu na namba ubavuni, na dereva wake ni mwajiriwa asiyepata hasara binafsi manyoya yakibaki sakafuni. Dereva wa teksi mara nyingi yuko peke yake, gari ni lake au amelikodi, na kulisafisha kunamgharimu muda ambao angeubadilisha kuwa nauli. Hesabu hiyo haihalalishi kukataa, lakini mchambuzi anayeipuuza atabaki akilaumu tabia za watu bila kuelewa kwa nini katazo lenye faini halitoshi.

5.0 Tatizo la Ushahidi

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Kosa la kifungu cha 168 ni kosa la dereva binafsi. Ili ashtakiwe, lazima ajulikane. Ili ajulikane, mlalamikaji anahitaji namba ya gari, namba ya leseni iliyobandikwa nyuma au mlangoni, au angalau rangi na aina ya gari na sura ya aliyekuwa kwenye usukani. Taarifa zote hizo hupatikana kwa macho. Sheria imemlinda mtu asiyeona, kisha ikajenga utaratibu wa malalamiko unaodhania mlalamikaji anaona. Hata tangazo la msamaha wa kitabibu, ambalo lingemwezesha abiria kutofautisha ukataaji halali na usio halali, ni karatasi iliyobandikwa kwenye kioo.

Ugumu wa pili umo ndani ya maneno ya kifungu. Wajibu unamwangukia dereva wa teksi ambayo imekodiwa. Teksi inayopunguza mwendo, dereva akamwona mbwa, kisha akaongeza mwendo na kupita, imekodiwa saa ngapi? Inaweza kujengwa hoja kwamba kupungia mkono na kupunguza mwendo ni mwanzo wa makubaliano, lakini ni hoja dhaifu, na abiria mwenyewe huenda asijue kwamba kuna gari lililopunguza mwendo kwa ajili yake.

Kwa magari ya miadi, kifungu cha 170 kinaonekana kuziba pengo hilo, kwa kuwa kinamgusa mwendeshaji anayekataa kupokea agizo na pia dereva anayeshindwa kulitekeleza agizo lililokwisha kupokewa. Dereva anayefuta safari baada ya kufika na kumwona mbwa yumo ndani ya maneno ya sheria. Hata hivyo, kifungu hicho kinaongeza sharti ambalo kifungu cha teksi hakina: lazima sababu ya kushindwa iwe ni mbwa. Dereva anayefuta safari kwenye programu ya simu hubonyeza kitufe, na kitufe hakisemi ukweli. Kinaweza kusema kwamba abiria hakuonekana, na katika hali mbaya zaidi abiria hutozwa kwa kutokufika ilhali amesimama mahali alipoelekezwa.

Kutokana na hali hiyo abiria hujikuta katika mtihani unaorudi kila safari. Amjulishe dereva mapema kwamba ana mbwa, au anyamaze? Sheria haimlazimishi kutangaza. Akinyamaza, anaweza kukataliwa ana kwa ana, mvua ikinyesha, tayari akiwa amechelewa. Akitangaza, anampa dereva nafasi ya kufuta safari kabla hata ya kufika, pasipo maneno wala shahidi. Lakini kutangaza kwa maandishi kuna faida moja ambayo haipewi uzito unaostahili: huacha rekodi. Ujumbe uliotumwa saa fulani na safari iliyofutwa dakika moja baadaye ni mfuatano ambao hakimu anaweza kuusoma. Programu zilizorahisisha kufuta safari ndizo pia zinazohifadhi jina la dereva, namba ya gari na muda. Kwa mara ya kwanza, taarifa zile za macho zinapatikana bila macho. Tatizo ni kwamba zimo mikononi mwa mwendeshaji, naye ndiye mwenye sababu ya kutozitoa haraka.

Mgawanyo wa mamlaka huongeza umbali kati ya kosa na hukumu. England ina mamlaka za utoaji leseni zaidi ya 250, na dereva wa gari la miadi anaweza kuwa na leseni ya mji mmoja huku akifanya kazi katika mji mwingine. Abiria aliyekataliwa nje ya nyumba yake anaweza kutakiwa kulalamika kwa halmashauri asiyoijua, kuhusu dereva asiyemwona, kwa kosa ambalo adhabu yake ya juu kabisa ni pauni 1,000. Wengi huona ni afadhali kuita gari jingine, na kila anayefanya hivyo huiacha halmashauri bila ripoti. Kwa hiyo idadi ndogo ya mashtaka haifai kuchukuliwa kuwa kipimo cha uchache wa makosa.

Kwa maoni yanayojengwa hapa, kuongeza faini hakutabadilisha mengi. Kinachohitaji kuhama ni mzigo wa kutambua. Mwendeshaji anaweza kuwajibishwa kuhifadhi na kukabidhi kwa mamlaka ya leseni rekodi ya kila safari iliyofutwa baada ya mbwa kutajwa, bila kusubiri malalamiko. Mamlaka hizo zina silaha nzito kuliko faini, yaani leseni yenyewe, kwa kuwa zinaweza kuisimamisha au kuifuta kwa dereva asiyefaa. Pia baadhi ya halmashauri zimeshawahi kutumia majaribio ya siri, ambapo mtu mwenye mbwa huagiza gari akiwa na mwangalizi anayeona. Njia hiyo ni ya gharama, ila ndiyo inayokiri wazi kwamba ushahidi unahitaji jicho la mtu mwingine.

6.0 Suala la Najisi

Baadhi ya madereva Waislamu wamewahi kueleza ukataaji wao kwa hoja ya tohara, na kwa wasomaji wa Kiswahili hoja hiyo haihitaji utangulizi mrefu. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi nzito: alichokigusa kwa unyevu wake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini ndani ya madhehebu hayohayo, kugusana kwa vitu vikavu hakuhamishi najisi. Madhehebu ya Hanafi huona najisi katika mate na si katika mwili, na Maliki humhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara. Mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mazao wameruhusiwa tangu mwanzo, na mbwa wa Watu wa Pangoni anatajwa katika Kurani yenyewe akiwa amelala kizingitini pamoja na mabwana zake.

Mwaka 2008 Baraza la Sheria za Kiislamu la Uingereza lilitoa rai iliyomwezesha kijana Mwislamu asiyeona mjini Leicester kufika msikitini na mbwa wake, mbwa akitengewa mahali pa kupumzikia karibu na mlango. Tukio hilo lina thamani kwa mjadala huu kwa sababu linamweka Mwislamu katika nafasi ya abiria, si ya dereva peke yake. Katika maandishi mengi juu ya mada hii, imani huwekwa upande mmoja na ulemavu upande mwingine, kana kwamba hawapo Waislamu wasioona. Sheria ya Uingereza, kwa upande wake, haikuingia katika mjadala wa fikihi. Ilikataa tu kuitambua sababu ya dini kuwa msamaha. Dereva anayetaka kuhifadhi tohara yake ana njia rahisi ya kutandika kitambaa sakafuni. Ikumbukwe pia kwamba ukataaji mwingi hauna dini ndani yake. Ni manyoya, harufu na haraka.

7.0 Ndege, Mipaka na Wanyama Wasiofunzwa

Haki ikiwa na faida, hutokea wanaoiazima. Marekani ilijifunza hivyo angani. Sheria ya mwaka 1986 ya kuwafikia abiria wenye ulemavu katika usafiri wa anga ilitafsiriwa kwa miaka mingi kuwa inajumuisha wanyama wa kuwafariji watu wenye matatizo ya akili, hata wasiofunzwa kazi yoyote. Kwa kuwa mnyama wa aina hiyo alisafiri bila nauli, idadi na aina za wanyama ziliongezeka, hadi Januari 2018 abiria mmoja alipozuiwa katika uwanja wa Newark akiwa na tausi. Kanuni mpya ya Wizara ya Uchukuzi, iliyoanza kutumika tarehe 11 Januari 2021, ilirejesha fasili finyu: mnyama wa huduma angani ni mbwa aliyefunzwa mahsusi kumfanyia kazi mtu mwenye ulemavu, na mashirika yanaruhusiwa kudai fomu zinazothibitisha afya, tabia na mafunzo yake. Walioathirika na utaratibu wa fomu ni walewale ambao hawakuwahi kudanganya. Mtu aliyesafiri na mbwa mwongozaji kwa miaka mingi bila karatasi sasa hujaza karatasi kwa sababu ya tausi wa mtu mwingine.

Ulaya ilichukua njia ya taarifa ya mapema. Kanuni ya 1107 ya mwaka 2006 inamhakikishia abiria mwenye ulemavu msaada uwanjani na kuwa pamoja na mbwa msaidizi anayetambuliwa ndani ya ndege, kwa kufuata kanuni za kila nchi, akitoa taarifa saa 48 kabla ya safari. Lakini mlango wa ndege si mlango wa nchi. Kwa kusudi la kuingiza mbwa Uingereza, Kenya na Tanzania hazimo katika orodha ya nchi zenye masharti mepesi. Mbwa anayetoka huko lazima apate chanjo ya kichaa cha mbwa, apimwe damu angalau siku 30 baadaye kuthibitisha kinga, kisha isubiriwe miezi mitatu tangu damu ilipochukuliwa. Sharti la afya halimsamehi mbwa mwongozaji. Mwanafunzi asiyeona anayetaka kwenda Nairobi kwa wiki mbili na mbwa wake, kisha arudi London bila kusubiri, anapaswa kukamilisha kipimo hicho cha damu kabla ya kuondoka.

8.0 Afrika Mashariki

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unazitaka nchi wanachama, katika vifungu vya 9 na 20, kutoa na kurahisisha upatikanaji wa usaidizi hai na wasaidizi, na miongoni mwa mifano yake unawataja waongozaji. Neno mbwa halimo. Tafsiri ya usaidizi hai kuwa inamhusu mnyama pia ina mantiki, lakini katika mazingira ambamo mwongozaji wa asiyeona kwa kawaida ni binadamu, mara nyingi mtoto wa nyumbani, msomaji wa Kiswahili ataelewa kifungu hicho kwa maana ya mtu kwanza. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma kwa kiwango kinachofaa, na Tanzania Bara ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010.

Mbwa mwongozaji akipanda daladala au matatu, atakutana na mambo mawili yaliyojadiliwa hapo juu kwa sura tofauti. La kwanza ni hofu, ambayo hapa ina msingi wa kiafya: kichaa cha mbwa bado kinaua, na mtoto hufundishwa mapema kumkwepa mbwa asiyemjua. Alama zinazotambulisha mbwa wa kazi, kama mkanda wa kifuani wenye mpini mgumu, hazina maana kwa abiria ambaye hajawahi kuziona. La pili ni nafasi. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza huduma mwaka 2016, yana milango mipana inayolingana na jukwaa, na mbwa angepata pa kulala. Daladala ndogo haina sakafu ya kutosha kwa miguu ya abiria wenyewe.

Lililobaki ni swali la nani awajibike. Mfumo wa England ulimchagua dereva, na matokeo yake yameonekana. Katika daladala na matatu, anayeamua nani apande ni kondakta. Mmiliki hayupo, na dereva anaweza asijue kilichotokea mlangoni. Lakini matatu za Kenya huendeshwa chini ya ushirika au kampuni, na magari ya Tanzania Bara hupewa leseni na LATRA, kwa hiyo tayari kuna chombo kimoja chenye jina, anwani na kitu cha kupoteza. Sharti likiandikwa kwenye leseni ya njia, abiria atahitaji kujua jambo moja tu ambalo hata asiyeona hulijua kabla ya kupanda, yaani gari linakwenda wapi.